Wahamiao Shamba Ugenini: Habari za Waingereza katika Vijiji vya Ufaransa



Watu wengi hudhani ya kuwa kila ahamaye kwenda nchi ya mbali huenda kutafuta mji, kazi na mshahara. Na kweli walio wengi huenda kwa ajili ya hayo. Lakini wako wengine wafuatao njia iliyo kinyume. Mji wanao tayari, kazi wamekwisha kuimaliza au wameichoka, nao huiacha njia yenye taa na maduka, wakavuka bahari ili wakae kijijini penye watu wachache, katika nchi ambayo lugha yake hawakuinyonya kwa mama zao. Mwezi huu twataka kujifunza habari za watu wa namna hiyo, yaani Waingereza wahamiao mashamba ya Ufaransa: ni kitu gani kiwavutacho, ni raha gani waipatayo, na ni taabu gani iwapatayo baadaye. Twachagua habari zao kwa kuwa zimekuwako miaka mingi na kwa watu wengi, hata tumeweza kuona si mwanzo wake tu, bali na mwisho wake.

Walakini hatuwezi kuwaelewa waliokuja kabla ya kuwajua walioondoka.

Katikati ya Ufaransa pana mkoa uitwao Creuse. Ni nchi ya vilima na malisho mabichi, yenye mawe magumu na udongo usiozaa sana. Kwa hiyo tangu zamani wanaume wake walikuwa na desturi ya kwenda Paris kila mwaka baridi ilipokwisha, wakafanya kazi ya uashi, na kurudi kwao baridi ilipoanza tena. Mmoja wao alikuwa Martin Nadaud, aliyezaliwa mwaka 1815. Mwaka 1830, akiwa kijana wa miaka 14, alikwenda Paris pamoja na baba yake, sehemu kubwa ya njia kwa miguu, akajifunza kazi ya kuchukua chokaa na kupanga mawe. Mwaka 1849 mwashi huyu alichaguliwa kuwa mbunge. Serikali ilipopinduliwa mwaka 1851 alifukuzwa katika nchi yake, akakimbilia Uingereza, na huko akapata riziki yake kwa kuwafundisha Waingereza Kifaransa. Basi njia iliyo kati ya vijiji vile na Uingereza si njia mpya. Ila zamani ilikanyagwa kwa kuelekea upande mwingine.

Waashi hao mwanzo walirudi kila mwaka. Reli ilipofika, wengine wakaanza kuwachukua wake zao na watoto, wakakaa mjini moja kwa moja. Kisha ikaja vita ya miaka 1914 hata 1918, nayo Ufaransa ilipoteza askari zaidi ya 1,300,000. Hakuna karibu kijiji kisicho na jiwe la ukumbusho lenye majina yao, na mtu akisimama mbele ya jiwe hilo katika kijiji kidogo atashangaa kuona majina mengi kuliko nyumba azionazo kwa macho. Baada ya vita ya pili yalikuja matrekta, na kazi iliyohitaji watu kumi ikafanywa na mmoja. Mwaka 1891 mkoa wa Creuse ulikuwa na watu zaidi ya 280,000. Siku hizi hawafiki 120,000. Watu wamekwenda, lakini nyumba zao za mawe hazikwenda. Zilibaki zimefungwa, vigae vikianguka kimoja kimoja, mpaka mtu wa mbali akaja akauliza bei.

Basi tuliweke neno hili mbele yetu, maana ndilo tutakalolihitaji katika somo lote: nyumba zile ni rahisi kwa sababu watoto wa nyumba hawakutaka kukaa humo. Mwuzaji hulisema neno hili waziwazi, wala halifichi. Mgeni hulisikia, asilitie moyoni, kwa kuwa amekuja mwezi wa Juni.

Kusini zaidi, katika bonde la mto Dordogne, Waingereza si wageni kabisa. Mwaka 1152 Eleanor, mwenye nchi ya Aquitaine, aliolewa na Henry, ambaye baada ya miaka miwili alikuwa mfalme wa Uingereza. Na kwa ndoa hiyo wafalme wa Uingereza wakawa na nchi kubwa upande ule mpaka waliposhindwa vitani mwaka 1453. Mji mdogo wa Eymet, uliojengwa mwaka 1270 kwa amri ya ndugu wa mfalme wa Ufaransa wakati wa mashindano ya wafalme hao, leo wajulikana kwa wingi wa Waingereza wake, na mchezo wao wa kriketi huchezwa pale. Waliposhindwa kwa upinde na mshale wamerudi kwa hawala ya benki, nao Wafaransa hawakuwazuia, maana nyumba tupu haina faida kwa mtu.

Uhamaji wa siku zetu ulianza kuonekana katika miaka ya 1960 na 1970, ukaongezeka sana baadaye. Mwaka 1989 mwandishi Mwingereza, Peter Mayle, alitoa kitabu kiitwacho A Year in Provence, kielezacho mwezi kwa mwezi mwaka wake wa kwanza katika nyumba ya shamba karibu na kijiji cha Ménerbes, upande wa kusini. Kilisomwa na watu wengi mno. Mtu akikisoma vizuri ataona kwamba hakikuficha taabu: katika mwezi wa kwanza tu upepo wa baridi uitwao mistral wavuma hata mabomba ya maji yapasuka. Lakini wasomaji walishika habari za chakula na jua, wakaacha za mabomba. Tena wengine wakaenda mpaka mlangoni kwake, kila mtu na kitabu chake mkononi, wakitaka sahihi. Mwisho yule aliyesifu utulivu wa mahali pale aliondoka, akakaa Marekani miaka michache. Kisha akarudi Provence, lakini si katika nyumba ile, akafa huko mwaka 2018. Mwaka 1994 njia ya reli chini ya bahari ilifunguliwa, na baada yake zikaja ndege za nauli ndogo zilizotua katika viwanja vya miji midogo. Shamba la ugenini likawa karibu kuliko nyumba ya shangazi.

Sasa tunene habari za raha, wala tusizidharau, maana ni raha za kweli.

Tuwachukue kuwa mfano mtu na mkewe, wenye umri wa miaka sitini hivi, waliokaa London tangu ujana. Si watu fulani tuwajuao. Twawafanya mfano tu, maana mambo yao ni ya wengi. Nyumba yao ya London ni nyembamba, imebanwa na nyingine huku na huku, lakini ina bei kubwa. Wakiiuza, kwa sehemu tu ya fedha ile waweza kununua huko Ufaransa nyumba ya mawe yenye kuta za unene wa dhiraa moja au zaidi, na ghala, na kisima, na bustani, na miti ya matunda iliyopandwa na mtu aliyekwisha kufa zamani. Fedha itakayobaki wataiweka kwa ajili ya uzee wao. Asubuhi yao ya kwanza huamka wakasikia kitu ambacho hawajakisikia miaka arobaini, yaani kimya. Usiku hutoka uani, nao huziona nyota zote, maana hakuna taa ya kuzishinda. Mume hupanda viazi, akavila. Jambo hili mkulima wetu ataliona kuwa dogo, naye ana haki ya kucheka. Lakini mtu aliyenunua kila kiazi maisha yake yote hulia karibu kwa furaha.

Kisha kuna soko. Katika mji wa Sarlat soko kubwa ni la Jumamosi, na karibu kila mji mdogo una siku yake. Huko huuzwa jibini, bata, mboga zilizochimbwa jana, na mwenye kuuza ndiye aliyelima. Mnunuzi haulizwi ana haraka gani. Saa sita mchana maduka hufungwa, watu wakaenda kula, wala hayafunguliwi tena mpaka saa nane au zaidi; na mgeni ambaye mwanzoni alikasirika mbele ya mlango uliofungwa, baada ya mwaka mmoja naye yu mezani saa hiyo hiyo. Tena kuna maamkio. Mfaransa wa kijijini hawezi kustahimili mtu aingiaye dukani akataja haja yake kabla ya kuamkia. Twajua kwamba msomaji wetu hana haja ya kufundishwa jambo hili. Lakini watu wa London ilibidi walijifunze, na wengi wasema kwamba hapo ndipo walipoanza kujiona kuwa watu tena, si umati.

Na jirani ni jambo kubwa. Mzee Mfaransa wa shamba la pili huja siku ya tatu na kikapu cha mayai, akatazama bustani, akatikisa kichwa, akawaonyesha kwa mikono jinsi ya kukata mizabibu. Hawaelewani maneno matano. Hata hivyo urafiki huanza.

Wako pia watu wa mjini wapendao shamba ila hawapendi mambo ya shamba. Mwaka 2019, katika kisiwa cha Oléron upande wa magharibi ya Ufaransa, watu wenye nyumba ya kupumzikia walimpeleka jirani yao barazani kwa sababu ya jogoo wake, aliyeitwa Maurice, kwamba awika alfajiri mno. Hao hawakuwa Waingereza. Walikuwa Wafaransa waliotoka sehemu nyingine. Baraza ya Rochefort ikawakatalia, ikaamuru wamlipe mwenye jogoo euro 1,000. Wengine walishtaki kengele za makanisa na za ng'ombe, na harufu ya samadi. Mashauri yakawa mengi hata serikali ikatoa sheria tarehe 29 Januari 2021, isemayo kwamba sauti na harufu za shamba ni sehemu ya urithi wa nchi. Jogoo amepata wakili. Sijui kama kuna nchi nyingine iliyomheshimu hivyo.

Habari za nyumba yenyewe hatutazikawia. Mkataba huandikwa na mwandishi wa hati aliyewekwa na serikali, na mnunuzi ana siku 10 za kughairi bila kutozwa kitu. Gharama za hati na kodi ya kununua nyumba ya zamani hufika karibu asilimia 7 au 8 ya bei, nazo humwangukia mnunuzi. Nyumba nyingi za shamba hazina mfereji wa maji machafu wa mji. Zina shimo lake, na shimo hilo hukaguliwa wakati wa kuuza. Likionekana bovu, mnunuzi hupewa mwaka mmoja wa kulitengeneza, kwa fedha nyingi. Kuta nene zile zilizosifiwa wakati wa joto huwa na unyevu wakati wa baridi, na kuni hazijileti zenyewe. Kwa hiyo waliokaa zamani huko huwaambia wanaotafuta: Msinunue mwezi wa Juni. Kodini kwanza nyumba tangu Novemba mpaka Machi, mkae humo siku zote, nanyi mtembee kwa miguu mpaka mahali panapouzwa mkate. Wachache hufuata shauri hili. Mtu aliyekwisha kuipenda nyumba ni kama kijana aliyekwisha kumpenda msichana. Humwulizi habari za ukoo, hataki kuzisikia.

Habari ya lugha ni nzito kuliko ya nyumba, nasi twataka kukaa hapo kidogo.

Wengi wafikapo hujua Kifaransa cha kuomba chakula na kuuliza njia. Wao hudhani kwamba kingine kitakuja chenyewe kwa kukaa, kama mvua ilowanishavyo nguo. Hakiji. Mtoto akienda shule ya kijiji hukipata kwa mwaka mmoja, hata huwacheka wazazi wake; lakini mtu wa miaka sitini lazima aketi na kitabu kila siku, naye hakuja huko kuwa mwanafunzi. Ana maneno ya sokoni, hana maneno ya mzaha, wala ya huzuni, wala ya kubishana na mtu wa kodi. Kwao alikuwa mtu mwenye akili na cheche; hapa amekuwa mtu mwema anayechekacheka na kuitikia. Hili ni jambo la kudhili, na wengi hawalisemi. Na simu ndiyo mbaya zaidi, maana katika simu hakuna uso wala mikono ya kusaidia.

Kwa hiyo hukimbiliana wao kwa wao. Waingereza wa vijiji kumi hufahamiana, wana vitabu vya kuazimana, wana siku yao ya kunywa chai, wana fundi wao Mwingereza. Wa dini ya Kianglikana hukusanyika pia kwa ibada, mara nyingi katika kanisa la Kikatoliki wanaloazimwa, na jambo hilo ni la kushukuriwa. Ila wengine huja kwa ajili ya lugha kuliko kwa ajili ya ibada, nasi hatuna haki ya kuwahukumu, maana mtu aliyekaa juma zima akitafuta maneno hupumzika pale ambapo maneno yamtafuta yeye. Lakini hatari iko. Miaka ishirini yaweza kupita, na mtu akawa anaujua Ufaransa kama mtu aujuavyo mto kwa kutazama dirishani. Mzee yule wa mayai amekwisha kufa, nao walikwenda mazikoni, wakasimama nyuma, hawakuweza kumwambia mjane neno lililo zaidi ya pole.

Tena mgeni, hata akikaa miaka mingi, nyuma yake pana serikali mbili ziwezazo kubadilisha mambo asipokuwapo. Mwanzoni mwa mwaka 2007 pauni 1 ya Uingereza ilibadilishwa kwa euro 1.50 hivi. Mwishoni mwa mwaka 2008 ilikuwa karibu sawa na euro 1 na senti chache. Pensheni yao hulipwa kwa pauni, na mkate hununuliwa kwa euro. Basi mtu aliyepokea pauni 1,000 kwa mwezi alikuwa na euro 1,500 za kutumia, na kabla ya miaka miwili kwisha alikuwa na euro zisizofika 1,100, bila kufanya kosa lolote, bila hata kutoka bustanini kwake.

Kisha ikaja kura ya tarehe 23 Juni 2016, Waingereza walipoamua kutoka katika Umoja wa Ulaya. Sheria ya wakati ule ilimnyima kura kila Mwingereza aliyekaa nje ya nchi zaidi ya miaka 15; sheria hiyo iliondolewa mwezi wa Januari 2024, lakini kura ile ilikuwa imekwisha kupita. Hivyo wale waliohusika kuliko wote, wengi wao hawakuulizwa. Nchi ilitoka tarehe 31 Januari 2020, na muda wa mpito ukaisha tarehe 31 Desemba mwaka ule ule. Waliokuwa wamekwisha kukaa Ufaransa waliachiwa haki ya kukaa, wakapewa kadi. Wenye nyumba ya kupumzikia tu walijikuta hawawezi kukaa zaidi ya siku 90 katika kila siku 180 bila kibali, hata kama nyumba ni yao na wameilipia. Na ahamaye sasa lazima aombe kibali cha kukaa, na aonyeshe kwamba ana mapato ya kumtosha.

Jambo moja katika hayo limetugusa sana. Maadamu Uingereza ilikuwa katika Umoja, Mwingereza akaaye kijijini aliweza kuchagua na kuchaguliwa katika baraza la kijiji. Ufaransa una vijiji na miji yenye baraza na meya wake karibu 35,000, na zaidi ya nusu yake haina watu 500. Kwa hiyo mtu mmoja mwenye bidii ni kitu kikubwa. Mamia ya Waingereza waliketi katika mabaraza hayo, wakishughulika na barabara, shule na maji. Hao ndio waliojifunza lugha, ndio waliotoka katika mzunguko wa chai wakaingia katika kazi ya mahali pale. Na katika uchaguzi wa Machi 2020 ndio walioondolewa, wala si wale waliokaa bustanini. Hatujapata kusikia hoja inayoweza kulifanya jambo hili liwe la haki.

Twafika sasa mahali pagumu. Turudi kwa mtu yule na mkewe, miaka kumi na minane baadaye.

Katika nyumba za namna hii kazi hugawanywa bila watu kukusudia. Mmoja huendesha gari, mwingine husema na watu. Mmoja ajua habari za benki na kodi, mwingine ajua majina ya majirani. Wakiwa wawili ni mtu mmoja mzima. Mmoja akifa, nusu ya maisha ya yule aliyebaki huzikwa pamoja naye. Mke ambaye hakupenda kamwe kuendesha gari upande wa kulia wa njia, sasa yu kilomita nane kutoka kwa mwuza mkate, wala hakuna basi ila la watoto wa shule. Daktari wa mji wa karibu amestaafu, na nafasi yake haikujazwa. Waliobaki wana wagonjwa kupita kiasi, hawapokei wapya. Ni kweli kwamba Mwingereza mwenye pensheni ya serikali hutibiwa Ufaransa kwa gharama ya serikali ya kwao, na hospitali za Ufaransa zasifiwa na wote. Lakini hospitali iko mbali, na maumivu ya usiku lazima yaelezwe kwa simu, kwa Kifaransa.

Msomaji na arudi sasa kwenye lile neno tuliloliweka mbele mwanzoni. Kimya kile kilichompendeza ndicho kukosekana kwa mabasi. Bei ile ndogo ndiyo kuondoka kwa daktari. Hakuna kilichoharibika, kijiji ni kile kile alichokinunua.

Sheria ya urithi nayo humngoja hapo. Tangu kitabu cha sheria cha mwaka 1804, Mfaransa hana ruhusa ya kuwanyima watoto wake urithi. Mwenye mtoto mmoja lazima amwachie nusu ya mali yake. Wenye wawili, theluthi mbili. Wenye watatu au zaidi, robo tatu. Huko Uingereza mume aweza kumwandikia mkewe kila kitu, na wengi walidhani ya kuwa nyumba yao ya Ufaransa yafuata desturi hiyo. Haikufuata. Palipokuwa na watoto wa ndoa ya kwanza, mjane aliweza kujikuta mwenye nyumba mmoja pamoja na watu wasiompenda. Tangu tarehe 17 Agosti 2015 mgeni aweza kuandika katika wosia wake kwamba achagua sheria ya nchi yake; lakini sheria nyingine ya Ufaransa ya tarehe 24 Agosti 2021 imewapa watoto walionyimwa njia ya kudai fungu katika mali iliyoko Ufaransa. Kwa hiyo jambo hili lataka mtu aliulize mapema kwa mwandishi wa hati, wakati wote wawili wangali hai na wana nguvu, wala si mezani baada ya mazishi.

Msomaji atasema: Kwa nini asirudi kwao? Wengi hutaka. Lakini wakati walipokuwa wakipanda viazi, bei za nyumba za London zilipanda mara nyingi, na nyumba ya mawe katika kijiji kisicho na daktari haikupanda hivyo. Tena yaweza kukaa miaka miwili au mitatu pasipo mnunuzi. Waliuza nyumba moja wakapata nyumba na akiba. Sasa wakiuza nyumba na kuongeza akiba, hawapati chumba. Rafiki zao wa zamani wamehama au wamekufa. Watoto wana nyumba ndogo na kazi nyingi, nao husema, Njoo, mama, ukae nasi, kwa sauti ambayo mama huijua maana yake.

Hata hivyo tusiseme kwamba wote wameangamia. Tofauti huonekana mapema kwa mtu ajuaye kuitazama. Wako wajane ambao baada ya mazishi waliona mlango wao haufungwi kwa wingi wa watu, kuni zimepangwa ukutani nao hawajui ni nani aliyezileta, na binti wa jirani huwapeleka mjini kila Alhamisi. Ukiuliza, utasikia kwamba mke huyo alikwenda miaka kumi kuwasomea watoto Kiingereza katika shule ya kijiji, au alipika siku ya karamu ya kijiji pamoja na wanawake wengine, akikosea maneno na kuchekwa, akarudi mwaka uliofuata akakosea tena. Hawa hawataki kurudi Uingereza. Wasema kwamba huko ndiko wangekuwa wageni.

Katika makaburi ya vijiji vya Dordogne leo huonekana majina ya Kiingereza kati ya yale ya Kifaransa, si mbali na jiwe lenye majina ya vita. Nyumba huenda kwa watoto walioko Uingereza. Wao huja juma moja, hufungua madirisha, hugawana vyombo na picha. Wana kazi zao, wana siku 90, wala hawakujifunza Kifaransa ila kile cha shuleni. Kisha huenda kwa mwandishi wa hati, na kibao cha kuuza hutundikwa langoni.